Hii gitare inasikia kiu

"Wenzako wakiishi nje wanarudi na viwanja, wewe utarudi na magitaa." Hayo ni maneno ya mke wangu, na anayasema hata mbele ya wageni. Sina la kumjibu. Magitaa yako manne ukutani hapa kwetu Kampemba, Lubumbashi, huku Kongo, na kiwanja cha Kihonda kule Morogoro mpaka leo ni mazungumzo tu.

Nilipohamia Lubumbashi mwaka 2018 sikuja na gitaa hata moja. Nilikuja na begi na laptopu ya ofisi. Kazi yangu ni kufuatilia malori: shaba inapakiwa huku Katanga, inateremka hadi bandari ya Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 2,000, na mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nane za usiku suka, yaani dereva, akikwama mpakani Kasumbalesa kwa karatasi iliyokosa muhuri. Gitaa langu la ujana nilimwachia mdogo wangu Morogoro. Nikajiambia mambo ya muziki basi, nimeshakuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto wa miaka minne.

Huyo mtoto amepewa jina la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita Mama. Ukisoma "Mama" humu ndani usimfikirie mke wangu. Mke wangu ataisoma hii na atataka pawe na maelewano.

Nilivumilia miezi mitatu. Mtu uliyezaliwa Morogoro gitaa unaliacha wapi? Ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Baba yangu alikuwa na kanda zao kwenye boksi la viatu, na ole wako uiguse bila ruhusa. Tena nilikuwa nimekuja Kongo, nchi iliyotuletea Remmy Ongala kutoka Kindu, na Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, na bendi ya Maquis waliotoka Kamina, humuhumu Katanga, wakaja kuiteka Dar. Nilidhani nikishuka tu kwenye gari nitasikia solo kila kona. Nilichosikia kila kona ni jenereta. Magitaa yapo, tena mengi, lakini yako makanisani, na mimi Jumapili ya kwanza nilikuwa nimelala.

Gitaa la kwanza nililinunua mjini, duka linalouza kila kitu kuanzia pasi hadi masanduku ya safari. Lilikuwa la Kichina, mwili wa rangi ya asali, nyuzi za chuma, dola 80. Nikatoa noti ya mia. Muuzaji akaikunjua, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni. Kulikuwa na alama ya kalamu ndogo kuliko punje ya mchele. Akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha panya. "Hii apana, Papa. Iko na alama." Ndipo nikajua kwamba Kongo dola inaingia sokoni kama bibi harusi: isiwe na kovu, isiwe na mkunjo, isiwe na historia. Nilirudi kesho yake na noti mpya nilizozibeba katikati ya kitabu cha shule cha mtoto.

Lile gitaa nililipenda mwezi mmoja. Halafu kiangazi kikaja.

Hapa ndipo panahitaji maelezo, kwa sababu ndugu zangu wa Dar hawaijui shida hii. Pwani gitaa linavimba. Huku tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Septemba tone la mvua hulioni. Usiku wa Julai unalala na mablanketi mawili, mchana midomo inapasuka. Mbao nayo inakauka na kusinyaa, lakini freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni, hazisinyai. Kwa hiyo ncha za freti zinachomoza pembeni mwa shingo kama miiba ya perege. Siku moja ya Agosti nilitelezesha mkono wa kushoto kwenda juu kutafuta noti nyembamba, nikarudi na damu kwenye kidole cha shahada. Nilipoligeuza kwenye mwanga nikaona na ufa, urefu wa njiti ya kiberiti, chini kidogo ya daraja, kile kibao mwilini nyuzi zinapofungwa.

Tuna jirani, mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Mlango wake ni wa bluu, na kiti chake kiko nje ya huo mlango tangu saa moja asubuhi. Nilimpelekea salamu huku nimelishika gitaa, nikilalamikia Wachina. Akalichukua, hakulipiga. Akaweka pua kwenye tundu lake, akavuta hewa kama mtu anayenusa mchuzi.

"Papa Tanzanie," akasema (ndilo jina langu mtaani, sikushauriwa), "hii gitare inasikia kiu. Utaipatia mayi."

"Maji, Mzee?"

"Apana kunywa. Kunusa tu."

Akanielekeza: sponji ya kuoshea vyombo, ilowe, ikamuliwe mpaka isidondoshe, iwekwe ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, kisha kisahani kikae na gitaa ndani ya mfuko wake uliofungwa zipu. Kila baada ya siku mbili, rudia. Baadaye nilisoma kwamba mafundi wa magitaa wanataka unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Mzee alikuwa amelipima kwa pua. Ule ufa haukufunga lakini haukuongezeka, na mtoto akapewa kazi yake ya kwanza ya muziki: kulinywesha gitaa. Alikuwa analipa pole kabisa. "Pole, kunywa kidogo."

La pili ni la umeme. Sitaeleza sana, kila mtu aliyewahi kuwa na hela kidogo na akili kidogo atanielewa. Kijana mmoja wa Katuba alikuwa anapiga solo kanisani, akagombana na kiongozi wa kwaya, akauza gitaa na spika yake kwa hasira. Hasira za mtu mwingine zina bei nzuri. Nilimwambia mke wangu nimenunua kwa ajili ya mtoto. Mtoto alikuwa na miaka mitano na lile gitaa lilikuwa refu kuliko yeye.

Wiki ya kwanza nilitesa mtaa. Wiki ya pili umeme ukaanza kukatika, siku mbili upo, siku tatu haupo, na gitaa la umeme bila umeme ni ubao wenye nyuzi. Usiku mmoja nilikuwa nimekaa gizani sebuleni nalicharaza hivyo hivyo, likitoa ule mlio wa nzi aliyenaswa kwenye utando. Mama akaja kutoka chumbani, akanikuta kwa kupapasa. Akauliza mbona halisemi. Nikamwambia linasubiri umeme.

Hakukubali. Akapanda kwenye kochi, akalaza sikio moja kwa moja juu ya mbao, kwenye ile pembe ya juu, akaziba sikio la pili kwa kiganja. "Piga, Baba." Nikapiga uzi wa sita, ule mnene, taratibu. Akakaa kimya. Nikapiga tena. Nilikuwa simwoni uso, nilikuwa nahisi tu uzito wa kichwa chake juu ya gitaa, na shingo ya gitaa ikishuka kidogo kila anapopumua.

"Baba," akasema, "linaongea ndani."

Nikajaribu na mimi. Niliinama nikaweka taya langu pale alipokuwa ameweka sikio, akapiga yeye. Wallahi nimepiga gitaa tangu nina miaka 13, sikuwahi kufanya hivyo. Sauti inakuja nzima, nzito, inapita kwenye mfupa mpaka kwenye meno, kama uko ndani ya chumba ambamo mtu anaimba na milango yote imefungwa. Umeme ulirudi saa nne, friji ikanguruma, taa zikawaka, na sisi wawili tuko juu ya kochi tumelala juu ya ubao. Mke wangu alitutazama akaenda zake kulala.

Kuanzia hapo nikajipa cheo cha mwalimu, na cheo kikanishinda. Mpango wangu ulikuwa mzuri tu: kila asubuhi tukienda shule tunasikiliza muziki garini, kwa zamu, wimbo wangu mmoja, wimbo wake mmoja. Zamu yangu niliweka dansi la Morogoro. Wenye umri wangu mnajua, zile nyimbo hazina haraka. Magitaa yanaingia, yanasalimiana, tarumbeta inapita kuangalia kama wote wamefika, ndipo mwimbaji anaanza kumlalamikia mtu aliyemwacha. Dakika ya pili Mama akageuka: "Baba, huu wimbo utaanza lini?" Zamu yake ilikuwa Innoss'B wa Goma au Diamond, na hao wanaanza kabla hujafunga mlango. Nikawa nawahi kufika shule kabla zamu yake haijaisha, kisha naurudia wimbo wake peke yangu njiani nikienda ofisini. Hilo sikumwambia.

Mwaka 2022, alipofika miaka minane, nikaona sasa apate gitaa la kipimo chake. La robo tatu, nyuzi za nailoni, shingo fupi ambayo kidole cha mtoto kinafika. Kwenye maduka ya huku sikulipata, yapo makubwa tu. Rafiki yangu akalinunua Kariakoo, akampa suka mmoja tunayefanya naye kazi. Suka akanihakikishia: "Bosi, hili nalilaza kitandani, mimi nitakaa." Kitanda cha nyuma ya usukani, kimezungushiwa godoro na kanga ya mkewe. Safari iliyopaswa kuchukua siku nane ikachukua kumi na tisa. Tunduma foleni, Nakonde ng'ambo ya mpaka foleni, springi ikakatika baada ya Mpika, Kasumbalesa ndiyo usiulize. Mama akawa anaifuata safari kwenye ramani ya simu yangu kuliko hata mwenye mzigo. "Leo limelala wapi?" Serenje. "Leo?" Bado Serenje. Lilipofika lilikuwa linanuka dizeli na karanga za kukaanga, na nyuzi zote zimelegea kama kamba za kuanikia. Mpaka leo ukiweka pua kwenye tundu unapata dizeli kwa mbali.

Sasa kosa langu. Ninaliandika ili wewe usilirudie.

Uzi wa kwanza wa nailoni ulikatika mwaka uliofuata. Nikazunguka mjini kutafuta nailoni, sikupata. Nyuzi za chuma zimejaa. Nikasema uzi ni uzi, nikamfungia mtoto seti nzima ya chuma. Mlio ukawa mkali mzuri, akafurahi, na mimi nikajiona fundi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nyuzi za nailoni kwenye gitaa la kawaida zinavuta kwa nguvu ya takriban kilo 40, na za chuma zinapita kilo 70. Gitaa lililojengwa kwa ajili ya nailoni halina mifupa ya kubeba mzigo huo. Nimefanya kazi ya mizani ya malori maisha yangu yote, najua faini ya kuzidisha uzito kila mpaka, halafu nikazidisha uzito kwenye gitaa la mwanangu.

Siku ya nne, saa tano usiku: paa! Mke wangu akasema tairi. Nikamwambia tairi halilii baadaye. Maana baada ya ule mlipuko kulikuwa na mlio mrefu wa nyuzi zikijipigapiga ukutani. Tulimkuta Mama amesimama mlangoni mwa sebule na nguo ya kulalia. Daraja lilikuwa limeng'oka zima, limebeba na vipande vya ngozi ya mbao, linaning'inia kwenye nyuzi kama jino la mtoto. Hakulia. Aliuliza tu: "Nani alilivuta?" Nikasema ni mimi.

Nililipeleka kwa seremala mmoja kule Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, kata, siyo nchi; mgeni yeyote lazima apotezwe na hilo mara moja). Anatengeneza vitanda na majeneza, na gitaa hakuwahi kulishika. Lakini alilitazama kwa heshima kuliko mimi. Alipasha kisu moto akakwangua gundi ya zamani mpaka mbao ikabaki nyeupe, akapaka yake, akarudisha daraja akilisogeza kwa unene wa karatasi huku na huku mpaka kovu likafungana. Kisha akalifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, raundi kama ishirini, na juu yake akaweka nusu tofali iliyofungwa kitambaa. Siku tatu. Siku ya pili nilipita nikaomba kulichukua, akanikatalia bila kunyanyua kichwa kutoka kwenye jeneza alilokuwa anapiga randa. Nyuzi za nailoni zilikuja na basi kutoka Ndola.

Katika zile siku za matengenezo ndipo Mama alipoanza kwenda kwa mzee wa mlango wa bluu na gitaa langu la asali. Na hapo pana kisa. Jioni moja ananiaga: "Baba, naenda kwa Kambo." Nikashtuka. Kwetu neno kambo ni mama wa kambo, baba wa kambo. Nikamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kuna jambo ninalopaswa kulijua? Alicheka mpaka akakaa chini. Kambo kwa watu wa huku ni babu au bibi. Mwanangu alikuwa ameshajipatia babu, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuarifiwa.

Nilimfuata kimyakimya. Mzee alikuwa amelipakata gitaa, na kwenye shingo amefunga penseli kwa mpira, imelazwa juu ya nyuzi zote nyuma ya freti ya pili, inabana. Anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linakwenda chini, juu, chini, juu kwenye nyuzi nene, halibadiliki hata ukimwita, kama mtu anayetembea kwenda zamu. Juu yake kidole cha shahada kinaongea habari nyingine kabisa. Ukifumba macho wako watu wawili. Kidole kidogo amekikita kwenye mbao chini ya tundu, hakisogei.

Mimi nimekulia kwenye kucha ya plastiki. Solo letu linapigwa na kucha, mmoja ridhimu, mwingine solo, mwingine besi, kila mtu na kazi yake kama ofisini. Hapa mtu mmoja amefuta kazi bendi nzima. Nikatoa kucha yangu mfukoni nikajaribu kumfuata, akanisimamisha.

"Acha ile kintu. Mungu alikupatia bidole, weye unatafuta plastiki?"

Huo ndio mpigo wa Katanga, mpigo wa Mwenda Jean Bosco na wenzake. Nilikuwa nimeusikia kwenye rekodi, nikauweka kwenye kabati la akili la "mambo ya wazee". Niliishi nao ukuta kwa ukuta miaka mitano nikinunua magitaa. Mtoto aliusikia kwa sababu alikwenda kukaa pale.

Tulianza kujifunza pamoja na ndani ya wiki tatu akaniacha. Mkono wake haukuwa na cha kusahau. Wangu kila ukichoka unarudi kukusanya vidole vyote vitano. Basi Mama akatafuta dawa: akachukua utepe wake wa nywele, wa zambarau, akanifunga vidole vitatu vya mwisho pamoja, akakaza fundo kwa meno. "Sasa huna vingine." Nilifanya mazoezi hivyo karibu miezi miwili, na siku moja suka alikuja nyumbani kusainiwa karatasi akanikuta na utepe. Habari ilifika Dar kabla ya shaba.

Juni 2024 lori letu moja liliharibika Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Ilikuwa Jumamosi, nikamchukua Mama. Baridi kali, jua jeupe, tumefunga vioo. Nikamsimulia kwamba huko tunakokwenda, zamani za Wabelgiji pakiitwa Jadotville, mwaka 1952 mzungu mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Bosco barabarani, kijana wa miaka ishirini na kidogo, anapiga gitaa. Akamrekodi. Wimbo wa "Masanga" ukatoka hapo, na mpigo wa gumba na shahada ukafika Nairobi na mbali zaidi.

"Alikuwa anakwenda wapi, huyo Bosco?"

"Alikuwa anatembea tu, anapiga."

"Na sasa yuko wapi?"

Nikamwambia alikufa mwaka 1990, ajali ya gari, Zambia. Na kwa vile mdomo ukianza haujui kusimama, nikaongeza kwamba Mbaraka wetu naye ni ajali ya gari, Mombasa, 1979. Na Salum Abdallah pia, 1965. Nilikuwa nayajua yote matatu kwa miaka, kila moja mahali pake, sikuwahi kuyaweka kwenye sentensi moja. Mimi ambaye kila mwezi napokea simu ya lori lililopinduka. Tulipita lori lililobeba shaba, bamba zimepangwa kama mikate, likapiga honi. Mama alinyamaza kilomita nyingi.

Halafu akasema: "Baba, funga mkanda."

Nilikuwa sijafunga. Nikafunga.

Gitaa la nne ni lake, amelichagua mwenyewe mwaka huu akiwa na miaka 11. Tulikwenda soko la Kenya tukitafuta viatu vya shule, tukapita kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika: spika, fremu za dirisha, magitaa matatu. Mawili yalikuwa mazuri kwa macho. La tatu lilikuwa kubwa, jeusi, limebanduka rangi pale mkono wa mtu ulipokaa miaka mingi, lina nyuzi mbili tu, na sikio moja la kukazia limekatika limebaki shina. Mimi nilikwishaanza bei ya lile jekundu.

Mama hakuangalia rangi. Aliyachukua moja moja, akalaza sikio kwenye pembe ya juu, akaziba la pili kwa kiganja, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole. La kwanza, akarudisha. Jekundu, akarudisha. Kwenye lile jeusi alikaa. Muuzaji akanitazama, nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Wakati huo wote mtu wa pembeni anajaribu spika, vumbi, kelele, na yeye amefumba macho.

"Ni hili," akasema. "Halina kiu."

Bei ilianza dola 50. Alipoona mtoto amelikumbatia ikapanda 60, na Mama mwenyewe akamkemea kwa Kiswahili cha huku ambacho mimi mpaka leo sikiwezi, maneno kama matano hivi, mwuzaji akacheka, akarudi 45 na kutupa mfuko wa bure. Noti zangu zilikuwa safi.

Lile sikio lililokatika hatujapata la kufanana nalo. Kwa sasa uzi wa nne tunaukaza kwa plaizi, imefungwa kwa kamba kwenye msumari pembeni ya gitaa, na Mama ananishinda kuitumia: anageuza nusu, anasikiliza, anarudisha robo. Kambo anamwambia asikaze kwa macho. Seti mpya ya masikio ilishanunuliwa Kariakoo wiki mbili zilizopita, iko ndani ya soksi kwenye kabati la suka yule yule wa kitanda. Amenipigia asubuhi hii. Yuko Nakonde, na foleni haijasogea tangu jana.